Kerengende Hakuja Uani

Kuna siku moja, mwanangu Minza, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanadhani uzee umenizidi. Ni siku shangazi yangu aliponiletea mdudu aliyebandikwa kwenye bahasha.

Juzi uliniuliza uwafundisheje watoto wako kukusanya stempu, maana umewanunulia albamu nzuri nao wameitupa chini ya kitanda. Nitakujibu, ila univumilie nizunguke kidogo. Sisi wazee hatujui njia ya mkato.

Nilikuwa darasa la tatu, kwetu Mwamapalala. Msimu wa pamba nilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, gurudumu likanipita mguuni. Nikafungwa plasta. Ilipotolewa, daktari alimwambia baba kwamba mfupa umeunga, sasa mtoto atembee. Mimi nikakataa. Niliona nikiukanyagia tu, utavunjika tena. Mama alinibembeleza, baba akanikaripia, wenzangu wakachoka kunisubiri wakaenda kucheza. Nikawa mtu wa mkekani, tangu asubuhi hadi ng'ombe wanarudi zizini. Mama alianza kujifuta machozi jikoni, akisingizia moshi.

Ndipo akaja shangazi Nkwimba, dada yake baba, aliyekuwa akifua mashuka kwenye hospitali ya misheni. Masista walimpa bahasha za barua zao, kwa kuwa walijua anapenda stempu.

"Mwangaluka, mgonjwa!" alinisalimia. "Nimekuja na mgeni wako."

Akanionyesha bahasha. Kwenye stempu yake palikuwa na mdudu mweusi anayeng'aa, yule anayeviringisha mavi ya ng'ombe. Bibi alichungulia, akashika kiuno. "Yaani kuna serikali imekaa kikao, ikakubaliana kumchora huyu?"

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Shangazi akaniambia, "Mtafute ndugu yake hapa nyumbani. Ukimwona, uniambie anafanyaje kazi. Stempu itakuwa yako."

Nilijikokota kwa makalio mpaka penye uzio wa zizi. Nikakaa, nikangoja, nikamwona. "Shangazi! Anasukuma kinyumenyume, kwa miguu ya nyuma!"

Akakata kipande cha bahasha, akakiloweka kwenye bakuli la maji. Mimi nikataka kuibandua stempu papo hapo, akanishika mkono. "Usiivute, itachanika. Gundi ikilainika itaachia yenyewe." Kweli ikaachia. Tukaianika juu ya kitambaa safi, kisha tukailaza ndani ya daftari kuukuu, na juu yake jiwe la kusagia.

Kila alipokuja alileta nyingine. Panzi nilimpata kwenye majani ya mahindi. Nyuki nilimpata ndani ya ua la boga, amejaa vumbi la njano kama mtoto aliyeiba unga. Watoto wenzangu waliposikia, wakarudi uani mbio, kila mmoja akigombea kuona kwanza. Kaka yangu Masunga alimkamata kipepeo, akaja naye na gundi mkononi, eti ambandike kando ya stempu. Shangazi akamfumbua vidole polepole. "Ya kubandika ni picha, baba. Huyu mwachie, ana safari zake."

Kisha akaleta stempu ya kerengende, mwekundu, mabawa kama kioo. Nilimngoja uani siku baada ya siku.

"Shangazi, huyu haji."

"Hatakuja. Anapenda maji. Yuko lamboni."

"Nibebe basi."

"Mgongo wangu umemalizwa na mashuka ya watu," akasema. Akaifunga stempu kwenye pindo la khanga, akashika njia. Hata nyuma hakugeuka.

Mwanangu, nililia kwa hasira. Halafu nikachukua fimbo ya kuchungia ya baba, nikainuka. Hatua ya kwanza jasho lilinitoka. Ya pili nikasubiri mfupa ulie. Haukulia. Nikamfuata nikichechemea, yeye akipunguza mwendo kidogo kidogo, akijifanya anatazama mashamba ya watu.

Lamboni, kerengende alikuwa ametua kwenye jani la tete. Nikamsogelea. Akaruka, akatua mbele kidogo, nikamfuata tena. Nilimtazama mpaka nikahesabu mabawa yake.

"Manne, shangazi! Ana mabawa manne!"

Shangazi hakuwa akimtazama kerengende. Alikuwa amesimama mbali nyuma yangu, fimbo ya baba mkononi mwake. Sikujua niliiangusha wapi. Tuliporudi, mama alitupa mwiko akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Basi Minza, albamu iache kwanza chini ya kitanda. Tafuta stempu moja tu yenye mdudu anayeishi hapo kwenu Bariadi, uwape, kisha waache watoke nje wenyewe. Usiwatafutie, na usiwaharakishe. Watakaporudi wanapiga kelele, wasikilize hata kama mboga inaungua. Wafundishe kuloweka bila kuvuta, kubadilishana bila kupunjana, na kumwacha mdudu aende zake. Albamu wataidai wenyewe.

Wabeja kwa kunisikiliza. Mungu awape wanao macho yasiyochoka kushangaa na miguu ya kuwafikisha wanakotaka kuona, nawe akujalie subira ya kutembea mbele yao bila kuwabeba.