Tulivuka kwenda Unguja siku mbili tu, mume wangu akiwa ametoka kutibiwa moyo

Wakuu, nawasalimu kutoka Makambako, ambako leo jua limetoka na watu tumevua masweta.

Humu mimi ni msomaji. Nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeamua niandike cha kwangu, na nitakieleza kama kilivyotokea. Mume wangu anajua naandika. Ameniambia nisipunguze kitu, hata pale nilipojiaibisha.

Kwanza mtujue. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu nitamwita Baba Neema, maana ndivyo ninavyomwita. Alikuwa dereva wa malori, amebeba mbao na viazi kutoka huku kwetu mpaka Dar kwa miaka mingi mno.

Akishusha mzigo kule mjini alikuwa anaziona boti za Zanzibar zikiondoka. Hakuwahi kupanda hata moja. Kila safari kuna mzigo wa kurudi nao.

Baadaye moyo ukamsumbua. Alianguka hapa hapa uani akiwa anafunga turubai. Tukapelekwa Dar, wakamzibua mshipa, wakamwekea kile kifaa chao kidogo. Akapona.

Yaani hospitali walisema amepona. Mimi sikuamini.

Nilikuwa nalala nimemwekea mkono kifuani. Akikohoa, nakaa kitako. Akinyamaza, nakaa kitako vilevile. Ndoo ya maji nabeba mimi, kiti nasogeza mimi. Hata viatu nilikuwa namfunga kamba, na yeye anaangalia ukutani mpaka nimalize.

Sasa, tulirudi Dar kwa ajili ya kliniki. Daktari akachukua vipimo, akasema majibu tufuate wiki inayofuata. Tulikuwa tumefikia kwa mdogo wangu Mbagala. Jioni ile tuko mezani, Baba Neema akasema, kama mtu anayeomba apewe chumvi:

"Mama Neema, twende Unguja."

Nikadhani utani. Nikamjazia uji.

"Nasema kweli. Tumekaa hapa tunasubiri majibu tu. Twende siku mbili turudi. Nataka nitie miguu baharini."

Wakuu, uji ulinishinda kumeza. Mimi nawaza kama moyo wake utafika mwisho wa mwezi, yeye anawaza bahari!

Nilikataa. Hakubishana. Akaenda kukaa nje, na kesho yake pia akakaa pale pale nje akitazama magari. Mdogo wangu akaniita pembeni, "Dada, shemeji anakufa kwa kukaa."

Neno hilo lilinichoma. Nikampigia daktari, nikiomba moyoni akatae ili lawama iwe yake.

"Mama, mgonjwa wako anaruhusiwa kutembea," akasema. "Tena atembee. Asibebe vitu vizito, na dawa asiruke. Full stop."

Basi nikaanza kupanga. Na mimi nikiwa na hofu napanga mpaka watu wananikimbia.

Dawa zake nikazigawa sehemu tatu: nyingine kwenye begi, nyingine kwenye pochi, nyingine nikazifunga kwenye pindo la khanga, ili tukiibiwa au tukizama tubaki na akiba. (Tukizama, dawa za nani? Sikufika huko.) Nikabeba mashine ya presha. Nikasoma nyuzi zenu zote za safari ya Zanzibar, hasa zile za bahari kuchafuka. Mliozipamba zile stori, Mungu anawaona.

Wifi yangu alikuwa na namba ya mama mmoja wa Mji Mkongwe anayepangisha vyumba nyumbani kwake, anaitwa Bi Zuwena. Nikampigia.

"Shikamoo Bi Zuwena. Hospitali ipo mbali na hapo kwako?"

"Marahaba mwanangu. Hospitali ipo hapo, kwa mguu unakwenda. Kwani nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Haya. Kuna chumba cha juu, kina upepo mzuri. Na cha chini, lakini kina joto."

"Ngazi zikoje?"

"Ngazi za zamani, zimesimama."

Nikachukua cha chini. Neema, binti yetu, hatukumwambia kitu. Angenipandia basi usiku huo huo.

Boti ikaondoka. Nilishasoma kwamba katikati hakutikisiki sana, kwa hiyo tukakaa katikati. Mhudumu akapita anagawa mifuko ya kutapikia. Nikachukua miwili ya Baba Neema.

Niliitumia yote mimi.

Yeye alikuwa amegeuza shingo anatazama dirisha la mbali, anatabasamu peke yake. Kila nikiinua kichwa namuuliza, "Kifua?" Ananijibu, "Kizima." Nainama tena.

Mji Mkongwe sikuuona, niseme ukweli. Watu walionizunguka walikuwa wanapiga picha milango. Mimi nilikuwa nahesabu kona, ili likitokea la kutokea nijue pa kukimbilia. Vichochoro vile vinafanana mno, na gari haliingii. Nikajiuliza, huku mtu akianguka anatolewaje? Swali hilo lilinikaa kichwani mpaka jioni, nikila urojo bila kujua ladha yake.

Bi Zuwena alikuwa mama mnene, mcheshi, anayesikia kila kitu. Usiku tuliiva kwa joto katika chumba kile nilichokichagua. Baba Neema hakulalamika. Asubuhi Bi Zuwena akatuona tulivyolowa, akasema, "Mimi nshakwambia, mwanangu. Juu kuna upepo."

Yeye ndiye aliyetuelekeza Bwejuu. Alisema kule ufuo ni mpana na watu wake wastaarabu, mume wangu atatia miguu mpaka achoke. Akatuitia dereva wa teksi anayemwamini, kijana mtulivu anaitwa Makame.

Njiani kulikuwa na kijani ambacho mimi wa Makambako sikukitegemea. Sisi tuna miti ya misindano na chai, kijani kilichopangwa mistari. Kule ni minazi juu ya migomba, migomba juu ya mihogo, kila kitu kimepanda juu ya mwenzake. Karibu na msitu Makame akapunguza mwendo, kima wekundu wakavuka barabara bila haraka.

Baba Neema alikuwa anauliza maswali mfululizo. Udongo huu unalimwa nini? Mvua inakuja lini? Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo tangu aanguke. Na mimi, badala ya kufurahi, nikawa nawaza kwamba kuongea sana kunapandisha presha.

Tulifika maji yakiwa yametoka. Wakuu ambao hamjafika pwani ile, maji yakitoka yanakwenda mbali kabisa, panabaki mchanga mweupe na vidimbwi. Mbali kule kulikuwa na kina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, vijiti vimesimikwa, kamba zimefungwa.

Makame akaenda kutafuta chai. Mimi nikatandika khanga, nikaanza kutafuta mashine ya presha kwenye begi. Ilikuwa chini kabisa, chini ya dawa, chini ya soksi za akiba.

Nilipoinua macho, Baba Neema hayupo.

Nikamwona mbali, suruali ameikunja magotini, anatembea kuelekea kwa wale kina mama. Mdogo kama kijiti. Nikamwita, upepo ukanirudishia sauti.

Nikajituliza. Nikasema, Mama Neema, mwache, mtu mzima yule. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa.

Halafu nikaona kidimbwi kilichokuwa karibu yangu kimeungana na cha pili. Maji yanarudi.

Na wakati huo huo nikamwona Baba Neema akiinama, akabaki ameinama, mkono mmoja kifuani.

Sikufikiri tena. Nikakimbia na ndala zangu, gauni nimelishika, napiga kelele jina lake, lile la kuzaliwa nalo, ambalo sijalitumia tangu tuoane. Ndala moja ikabaki mchangani. Maji yakafika kwenye vifundo, yakafika magotini. Sijui kuogelea. Hilo pia sikulifikiria.

Nilikuwa nimekaribia kabisa nilipokanyaga kitu. Ni mdudu wa baharini, mweusi, wa mviringo, ana miiba mwili mzima. Mguu usio na ndala ndio uliotua juu yake. Maumivu yale sijui niyafananishe na nini, na mimi nimezaa mara tatu. Nikakaa majini puu.

Baba Neema akageuka. Alikuwa na kamba ya mwani mkononi. Mkono ule niliouona kifuani ulikuwa unabana mafungu ya mwani wakati mama mmoja anamwonyesha jinsi ya kufunga.

Akaja kwangu mbio. Mbio, wakuu!

"Usikimbie!" nikalia. "Wewe usikimbie!"

"Nyamaza. Umekanyaga nini?"

Akataka kuninyanyua. Nikampiga mikono. Mimi si mwepesi, na daktari alishasema. Nikamwambia aniache, aende pwani akamwite Makame. Maji yalikuwa yananifika kifuani nikiwa nimekaa, na yanaongezeka. Nikajaribu kusimama, nikaanguka tena. Nikaanza kulia vibaya, kile kilio cha kukosa pumzi. Kifua changu kikabana. Nikasema kumbe mimi ndiye ninayekufa, na huyu nani atampa dawa zake?

Yule mama wa mwani akafika, maji yanamfika mapajani, anavuta gunia lake la mwani linaloelea. Baadaye nilimjua jina, Bi Kazija. Umri wetu mmoja.

"Bibi, tulia," akasema. "Usikanyage tena chini. Nini unakililia?"

"Maji yanajaa!"

"Ndiyo yanajaa. Si ndo vizuri? Yangekuwa yametoka tungekubeba mgongoni. Sasa yatakubeba yenyewe. Lala hapa."

Akanisogezea gunia. Nikalikumbatia kama mtoto anavyomkumbatia mama yake, kifua juu ya mwani, miguu inaelea nyuma. Bi Kazija akashika kamba upande mmoja, Baba Neema akashika upande wa pili.

Nikamwambia, "Baba Neema, achia. Mimi ni mzito."

Akanitazama. Macho yale nilikuwa sijayaona siku nyingi.

"Mama Neema," akasema, "shika gunia, funga mdomo."

Nikafunga.

Tukaenda taratibu. Bi Kazija akasema, "Bwana, pumzika kidogo, bahari haina haraka." Wakasimama, mimi naelea katikati yao. Nilimsikia mume wangu anavyohema. Nilikuwa nasikiliza kila pumzi, nikisubiri ile mbaya. Ikawa inakuja nzuri tu. Wakaendelea. Njia nzima nilikuwa namtazama mgongo, shati limemganda, mabega yanafanya kazi. Sikuwa na la kufanya. Mikono yangu ilikuwa kwenye gunia.

Pwani Makame alikuwa ameshaingia majini kutupokea, chai imemwagika.

Bi Kazija akakata papai bichi, akanipaka utomvu wake kwenye unyayo, akasema miiba mingine italainika itoke yenyewe. Makame akataka tukimbilie hospitali ya mjini. Nikasema twende, lakini apimwe Baba Neema kwanza.

"Nani aliyekanyaga?" Bi Kazija akauliza, akacheka mpaka akakaa chini.

Mashine ikatolewa begini. Baba Neema akanyoosha mkono. Presha yake ilikuwa nzuri. Halafu bila kuniuliza akanifunga mimi ule mkanda. Yangu ilikuwa imepanda, hata Makame akaguna.

Hospitali wakanitoa miiba iliyobaki, wakanipa dawa, wakaniambia nipumzike na nikapime tena presha nikifika nyumbani. Usiku ule Bi Zuwena akatupa chumba cha juu. Ngazi zilinishinda kwa mguu ule, nikazipanda kwa makalio, ngazi moja moja, Baba Neema chini yangu akizuia nisiteleze. Juu kulikuwa na upepo kweli.

Nilipolala akanivua ile ndala moja iliyobaki, akaninywesha maji. Nikasema, "Nimekuharibia bahari yako."

Akasema, "Tangu nitoke hospitali, leo ndiyo mara ya kwanza nimekusaidia kitu. Ulikuwa hunipi nafasi."

Nikajifanya nimelala. Naye, nadhani, alijua.

Wiki iliyofuata majibu yakatoka mazuri. Mimi ndiye niliyeanzishiwa dawa ya presha. Sasa tunameza pamoja asubuhi, na yeye ndiye anayenikumbusha.

Nilichojifunza ni hiki, na sijui kama nitakisema vizuri. Kumuuguza mtu na kumzuia kuishi vinafanana sana ukiwa ndani yake. Mimi sikuona tofauti. Nilidhani nikishika kila kitu, kifo kitakosa pa kuingilia, kumbe nilimwachia mume wangu kiti na ukuta wa kutazama.

Hofu haijaisha, nisiwadanganye. Bado nasikiliza pumzi zake usiku. Mnaouguza wenzenu, au mliopona na bado mnauguzwa, nisaidieni: mlijuaje wakati wa kuachia? Na mliachiaje, mikono ikiwa haitaki? Nitasoma maoni yote, hata ya kunicheka.

Naandika nikiwa jikoni. Baba Neema yuko juu ya bati, anagongelea pale panapovuja. Hakuniomba ruhusa, alichukua ngazi tu. Namsikia nyundo inavyolia.

Sasa imenyamaza.

Imenyamaza muda kidogo.

Sitoki. Nimekaa.

Haya, imeanza tena.