Sufuria Moja, Ya Maman

Hapana, hatukuchoka. Tante alisema tutachoka, majirani ba parcelle bakasema tutachoka, hata fundi wa viatu wa hapa ku barabara alisema, na yeye hakuna mutu alimuuliza.

"Mwezi moja tu, mutarudilia chumvi yenu," tante aliniambia. Iko dada mukubwa wa baba. Tangu baba alikufa, yeye njo anajisikia mukubwa wa nyumba yetu, hata kama anaishi kule chini Muhumba na sisi tuko huku juu Kadutu, humu humu Bukavu. Namupenda sana. Lakini ile siku nilifunga kinywa, juu ningeifungua, tungegombana.

Mambo ilianza hivi. Maman anauzaka bitenge, na siku moja alianguka mu soko, juu ya bitenge yake. Mukono wa kushoto ikakataa kusikia kitu, kinywa ikaenda pembeni. Mangaribi mukono na kinywa bikarudia sawa. Docteur akasema ni tension, damu inapanda: dawa kila siku, apunguze chumvi, cube ya mchuzi, mafuta mingi, sucré ya chupa. Akasema ikimushika tena, pengine maman hatapona.

Basi nyumbani tukafanya vile batu bote banafanyaka: sufuria mbili. Kubwa ya sisi, na mafuta yake inangaa juu. Kadogo ya mugonjwa. Na sisi tunakulaka bugali pamoja, sahani moja, mikono yote inaingia. Sasa maman akawa anakaa pembeni na kasahani kake, anaangalia mikono yetu. Siku moja nilimukuta ku jikoni anapitisha kidole mu sufuria yetu, anaramba.

Nilikasirika vibaya. Sikukasirikia yeye, nilikasirikia sisi. Nikaita bandugu yangu, nikabaambia: kuanzia leo humu ndani iko sufuria moja, na ni ya maman. Mwenye hataki, akule kwa jirani.

"Na mupishi njo nani?" bakauliza, banacheka.

"Miye."

Na sikujua kupika. Nilitengeneza sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, tukaangaliana kama batu bako ku matanga. Hakuna mutu alinifundisha. Nilijaribu, nikaharibu, nikajaribu tena, mpaka nikajua ndimu inasaidia tusamaki twa sambaza, céleri na tangawizi inasaidia maharagi, na lengalenga, ule mchicha, usipoipika mpaka ikufe iko na utamu yake yenyewe. Ulimi inalalamikaka kwanza, kisha inanyamaza.

"Mwanaume gani anapondaka tangawizi asubuhi?" fundi wa viatu akaniuliza.

"Mwenye iko na maman," nikamujibu, na nikapita.

Kisha ikakuja communion ya kwanza ya mujukuu wa tante. Niliwaza muzuri, nikafanya vibaya: nikapika chakula ya maman, nikaiweka mu kibakuli na kifuniko, tukashuka nayo Muhumba. Wakati batu banaanza kujipakulia, maman akafungua kibakuli yake.

Mikono ya batu ikasimama juu ya sahani. Mutu wa Bukavu anajua juu ya nini. Huku tunaogopaka karuho, ile sumu banasema banaitiaka mu chakula ya fête. Ukifika kwa mutu na chakula yako, umemusema mbele ya batu bote. Na miye, kichwa changu ilikuwa mu chumvi tu.

"Wifi yangu," tante akasema polepole, "miye naweza kukupa karuho?"

Bageni bakaweka bikanya bya kukulia chini. Nikataka kueleza, maman akanishika goti. Akafunga kibakuli. Akavuta sahani ya tante, kuku ya mafuta, frites za viazi, mchele, akakula yote, akakunywa na sucré. Kila mutu alikuwa anamuangalia.

"Iko muzuri, wifi," akasema. Batu bakaanza tena kukula.

Kesho yake kichwa ilikuwa inamupasuka. Tukarudi kwa docteur, bakamulaza hospitali. Tante akafika na thermos ya bouillon, supu ya mugonjwa, na ile harufu ya cube nikaisikia tangu ku mulango. Nikamungoja mu couloir, inje ya chumba.

"Tante, maman hakuogopa sumu yako. Aliogopa kukuaibisha kuliko vile anaogopa kufa."

"Njo vile unaongea na miye?"

"Njo vile naongea. Wewe ulisema tutachoka. Hatujachoka. Ni batu njo banatuchokesha."

Nilifikiri atanipiga. Akarudi na thermos yake bila kuifungua.

Siku ya Noeli, maman amekwisha kutoka hospitali, nilishuka Muhumba asubuhi, mikono mitupu. Nikaingia mu jikoni ya tante, nikapika na maji yake, makala yake ya moto, sufuria yake. Akabaki nyuma yangu kama askari.

"Weka hata nusu ya cube."

"Hapana, tante."

"Robo."

"Tante."

Wakati bageni bote bamekaa, akakamata kikanya, akaonja ile sufuria yeye wa kwanza, mbele ya batu, vile mwenye nyumba anafanyaka ili kila mutu ajue chakula iko safi. Kisha akaweka sahani mbele ya maman.

"Inakosa chumvi," akasema. Akavuta kiti, akakaa karibu yake. "Niwekee na miye."

Usifikiri ikaishia pale. Kila matanga, kila ndoa, iko mutu wa kumuambia maman "kidogo tu haiuwi", na miye naenda mbele ku jikoni ya batu, nagombana. Hata miye kuna siku natamani frites mpaka naona giza. Nakasirika, naponda tangawizi, tunakula. Maman anakulaka katikati yetu, sahani moja, mukono wake wa kushoto unatoa miba ya samaki.

Na kwenu, ule mugonjwa mwenye munamupikiaka pembeni, nani anakula naye?