Mpira Chini ya Antena

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kamba wa delta, Twalha alikula kwa redio kol, ile ya kupokea na kutuma sauti, ya gari lake. Wakala wa kijiji cha Mbuchi akitangaza redioni kwamba kamba wameingia, mnunuzi wa kwanza kufika ndiye anayebeba. Lakini siku hizi redio ilikuwa inakaanga mihogo tu, mikwaruzo bila sauti ya mtu, na kila akifika Mbuchi alimkuta Talib, mnunuzi mwenzake aliyemfungia redio hiyo na hivi karibuni kumkazia antena, ameshapakia.

"Ndengereko, masikio umeyapangisha?" Talib alimcheka. Talib alikuwa Mmatumbi, na Mmatumbi ni mtani wa Mndengereko, hivyo Twalha naye alicheka, mjinga mwenye adabu.

Leo alizima injini, ajue kama ndiyo inayokwaruza. Mikwaruzo ikapungua, sauti haikuja. Akafungua kitako cha antena. Chini yake palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa kwa ustadi, kikizuia chuma kisishike bodi ya gari. Bila bodi, antena ni fimbo ya kuchungia mbuzi.

Alimfuata Talib Mbuchi, akamwonyesha mpira huo mbele ya wavuvi.

"Utani huo, bwana!" alisema Talib.

"Mtani hukamata kuku wangu mchana, watu wanaona, na kisu nampa mimi," alisema Twalha. "Wewe ulinyata."

Talib akacheka. Alicheka peke yake.