Tulivyokwenda Pembeani Peke Yetu

Mwaka ule mwezi uliandama Bondeni ukakataa kuandama Kibokoni, mitaa miwili ya mji mmoja. Bondeni, kwa mjomba wangu, habari ilifika usiku kutoka Lamu kwamba umeonekana, wakaanza kukaanga vitumbua. Kibokoni, kwa baba, redio haikusema kitu, kwa hivyo tukaamshwa kula daku kama kawaida. Sikushangaa. Baba na mama walikuwa wameachana zamani, na watu walioshindwa kukaa nyumba moja wataonaje mwezi mmoja?

Mimi nilibaki kwa baba kwa sababu ya shule. Mama alikaa kwa mjomba na wadogo zangu wawili, dada wa miaka sita na kaka wa miaka minne. Alikuwa ameolewa tena, na mume mwenyewe ni mtu wa Tanga, mwenye kazi Tanga. Tikiti za basi zilikwisha katwa. Kesho yake alfajiri mama na watoto wanahama, na basi halijui mwezi wa nani umeandama.

Kwa hivyo nilikuwa na siku ile moja ya kuwapeleka wadogo zangu pembea za Idi, pale kiwanja cha Makadara. Nilitaka kitu kimoja tu, nipande nao ile pembea kubwa ya duara, mmoja goti hili na mwingine goti lile, kama wafanyavyo kina baba. Nililipanga jambo hilo Ramadhani nzima na sikumwambia mtu. Mimi ndiye niliyemfungia mbuzi katika ofisi ya hedimasta. Nina jina la kulinda.

Baba alinipa ruhusa bila kuniangalia. "Wapeleke," akasema. "Lakini wewe umefunga. Usisahau."

Bondeni, mama alinipokea na kisahani cha vitumbua, vya moto, vinanuka iliki mpaka machozi yakanilenga. "Idi mbarak, mwanangu. Kula kwanza."

"Nimefunga, mama."

Aliniangalia kidogo. Kisha akakifunika kile kisahani kwa kawa, taratibu, akasema, "Haya. Mungu akupokelee." Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, juu ya mjomba na mwezi wake wa Lamu. Nikaumeza. Sijui kama kumeza mzaha kunafunguza saumu.

Tukashika njia. Wadogo zangu walimeremeta kama vikombe vya kabatini. Dada kavaa gauni la waridi lenye marinda, mkono una hina mpaka kwenye kiwiko. Kaka kavaa kanzu iliyoburura vumbi na viatu vipya vilivyolia kwikwi kila hatua. Mji wote uliobaki ulikuwa umefunga, midomo mikavu, milango nusu wazi. Mama mmoja akatuita kutoka dirishani:

"Nyinyi mwaenda arusini saa hizi?"

"Twaenda kwenye Idi, mama."

"Idi ya wapi?"

Kwenye kona watoto waliokuwa wakicheza gololi wakasimama. Wadogo zangu walikuwa na biskuti mkononi, na pwani mla mchana wa Ramadhani huitwa kobe. "Kobe hao! Kobe!"

Kaka yangu akageuka na biskuti yake. "Mimi si kobe. Mimi nina viatu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikatazama nyuma nimtafute mtu wa kucheka naye, na hapakuwa na mtu. Marafiki zangu wote walikuwa wamelala, wakiingoja magharibi.

Makadara nilikujua kwa kelele. Siku ya Idi husikii hata unachokisema mwenyewe. Wababa wamebeba viatu vya watoto, wamama wanahesabu vichwa, kila mtoto analilia kitu kilicho mkononi mwa mwingine. Siku ile tulisikia nyundo moja tu. Farasi wa mbao walikuwa bado wamefunikwa magunia, miguu ikichungulia chini kama ya maiti. Pembea kubwa ilikuwa imesimama, masanduku yake manne ya kukalia matupu, na mwenye pembea alikuwa chini yake akigongomea msumari.

"Salaam aleikum, mzee. Idi mbarak."

"Waaleikum salaam. Idi ya nani?"

"Ya Bondeni."

"Basi nenda ukapembee Bondeni."

"Bondeni mwezi upo, pembea hakuna. Wewe pembea unayo, mwezi huna. Tusaidiane."

Hakucheka. "Kijana, mimi nimefunga. Chuma hiki chazungushwa kwa mikono. Njoni kesho, mtapembea mpaka mtapike."

Nikamjaribu na mzaha mwingine, halafu wa tatu, nikaona naongea na msumari. Dada akanivuta shati. "Kaka, tuondoke. Amekataa."

"Kesho hawapo," nikamwambia yule mzee. "Wahamia Tanga alfajiri. Mimi sendi."

Akaiweka nyundo chini. Akawatazama watoto, akanitazama mimi, akafuta mikono kwenye shuka. "Wapandishe."

Nikawaweka ndani ya sanduku la chini, nikainua mguu niingie. Akanishika bega.

"Wewe wapi?"

"Ndani. Nao."

"Mkae nyote upande mmoja, upande wa pili hewa? Itanirudia usoni. Siku ya Idi masanduku yajaa, mizani yajipata. Leo ni nyinyi tu. Wewe kaa kule, uwe mzani wao."

Kule ni sanduku la upande wa pili. Akaizungusha kwanza mpaka wao wakafika juu na langu likaja chini, nikapanda peke yangu, magoti matupu.

Akaanza kusukuma. Wao wakishuka, mimi napanda. Mimi nikishuka, wao wapanda. Tulikutana katikati tu, upande huu na upande ule, kitambo cha kukunja uso au kutoa ulimi. Nikatoa kila sura niliyokuwa nayo. Dada akapiga yowe la furaha. Kaka alininyoshea biskuti, isinifikie, na alikuwa keshapita.

Mzee akachoka upesi. Akaikamata pembea kwa mwili wote, mimi chini, wao juu kabisa. Nikataka kushuka.

"Tulia hapo! Ukitoka wewe, watakuja chini kwa kishindo. Ngoja nipate pumzi."

Basi nikakaa. Juu yangu niliona ubao wa chini wa sanduku lao na nyayo mbili za viatu vipya zikining'inia.

"Kaka!" mdogo wangu wa kiume akapaza sauti. "Mimi naiona Tanga!"

Alikuwa akitazama upande wa Likoni, ng'ambo ya kivuko tu, nadhani. "Ikoje?"

"Kubwa! Ile pale, karibu tu! Nawe waiona?"

Mzee alikuwa akihema, jasho likimshuka, bega limekaza chuma kisimponyoke. Mbele yangu palikuwa na farasi na magunia yao.

"Naiona," nikasema. "Kaeni vizuri, msisimame."