Sitaaga

Suzana Masalu aliagizwa arudi ofisini, akarudi. Alirudi na mama yake.

Walinzi wawili walimpandisha Bi Tereza ngazi za jengo la ofisi, mtaa wa Mirongo, akiwa juu ya kiti chake cha plastiki, kama bibi harusi. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja wenye nguvu. Aliutumia kuwapungia wafanyakazi waliotoka kumwamkia.

Kwa miaka mingi Suzana alikuwa ameulea mfumo wa kompyuta unaotumiwa na maduka ya dawa ya Kanda ya Ziwa, akifanya kazi sebuleni kwake Pasiansi, mama amelala chumba cha pili. Wakubwa walimsifu. Kisha likaja tangazo: kila mtu ofisini, kutwa nzima, na asiyefika atahesabika ameacha kazi mwenyewe. Walisema wanajenga moyo wa ushirikiano. Ushirikiano gani, hata viti havikutosha? Pius, aliyekuwa mwenzake wa karibu, alikalia boksi la mashine ya kuchapia hadi mgongo ukamshinda, akaandika barua ya kuacha kazi. Wakamkatia keki.

Suzana aliielewa keki ile alipotakiwa kuwafundisha kwa video vijana wa kampuni moja ya ng'ambo, hatua kwa hatua, kila alichokijua. Kazi yake na ya wenzake ilikuwa imekwisha kuhamishiwa huko, kwa ujira mdogo zaidi. Kilichobaki ni kuwaondoa wenyeji bila mkubwa yeyote kuchafua kinywa chake kwa neno "kufukuza". Walitendewa kama mgeni anayenyimwa chakula mpaka aage mwenyewe. Akaapa kwamba yeye hataaga.

"Dada Suzana," Yeremia, meneja wa ofisi, alinong'ona mlangoni mwa chumba cha mikutano, "hapa si zahanati."

"Ingia umwamkie kwanza."

Yeremia akaingia, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Sengerema, mama."

"Mama yako mzima?"

"Mzima kiasi. Miguu inamsumbua."

"Anakaa na nani?"

"Na dada yangu."

"Ahaa. Huyo dada yako hajaitwa ofisini?"

Nje ya mlango mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Yeremia aliiwasha skrini haraka, kama mtu anayekimbilia mwavuli. Wakatokea vijana watatu waungwana, wasio na hatia yoyote, wakasalimia kwa adabu.

"Hawa ni wageni wenu?" Bi Tereza aliuliza.

"Ndio watakaofanya kazi yangu, mama," Suzana alijibu.

"Na anayewafundisha ni wewe?"

"Ndivyo meneja anavyotaka."

"Ehee! Basi hapa kaburi linachimbwa, na jembe kashika marehemu."

Safari hii nje walicheka wazi, hakuna aliyejifanya kukohoa. Yeremia alizima sauti ya skrini, jasho likimchuruzika ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

"Dada, tusifike huko. Mrudishe mama nyumbani, fanyia kazi huko huko kama zamani. Wafundishe tu mpaka mwisho wa mwezi, mambo yaishe kwa amani."

Hasira iliyokuwa imetawanyika mwilini mwa Suzana tangu siku ya tangazo ilijikusanya mahali pamoja, ikatulia.

"Kumbe inawezekana?"

"Kwa hali yako maalumu..."

"Hali yangu ni ile ile niliyokueleza mara tatu, ukaniambia sheria ni msumeno. Pius naye ulimwambia hivyo hivyo. Leo msumeno umeota kutu?"

Akaifunga kompyuta yake. Kwenye skrini vijana watatu waliendelea kutabasamu bila sauti.

"Mliniita ofisini, nimekuja. Sitamfundisha mtu, wala sitaaga. Ukitaka nitoke, nifukuze. Neno lenyewe ni fupi, Yeremia. Litamke hapa, mbele ya mama."

Yeremia alifumbua kinywa. Bi Tereza alimtegea sikio kwa heshima zote, jinsi mtu mzima anavyomsubiri mtoto amalize sentensi. Yeremia akasema ana simu ya kupiga, akatoka, na hadi jioni hakurudi.

Kesho yake alfajiri Suzana alimkuta mama yake ameketi kitandani, kitenge kipya begani, viatu miguuni, kimoja kikiwa hakijafungwa.

"Bajaji bado?" Bi Tereza aliuliza kwa ukali. "Tutachelewa kazini."