Nembo ya Gitaa la Besi

Jirani yangu, fundi redio, alinunua gitaa la besi la bei ya chini kabisa, akalihudumia kama mgonjwa wa nyumbani. Kwa vidole vyenye makovu ya kulehemu alibadilisha vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi na kupiga msasa shingo mpaka ikateleza. Kila mara alilipuliza vumbi kabla ya kulishika. Bendi ya bluzi na roki aliyotaka kuanzisha ilihitaji watu watatu, naye akiwemo. Mwaka mzima alikuwa amempata mmoja tu, dada muuguzi anayepiga ngoma. “Bandika nembo ya gitaa ghali,” shemeji yake alimshauri, “uone watakavyomiminika.” Alicheka. “Nianze bendi kwa uongo, shem?”

Jumamosi moja, nikiwa kwake, akaja mpiga gitaa la solo, akaitazama besi. “Fundi, hili si la watoto?” “Ndilo hilo hilo,” jirani akajibu, akapiga noti moja nzito iliyotikisa vikombe mezani. Mgeni akafungua mkoba, akatoa gitaa lake. Nembo ya kifahari ya gitaa lake ilikuwa imebanduka pembeni, na chini yake likachungulia jina la kampuni ile ile iliyotengeneza besi. Mimi ningesema neno. Jirani yangu aliinama kukaza uzi, akasema, “Karibu, ndugu yangu. Tulinganishe nyuzi.”