Nilimwandikisha mama mkwe hospitalini kama bibi yangu

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimeona vile mnabishana humu kuhusu bima ya afya, kila mtu mjuaji. Nilitaka kupita tu. Lakini wacha leo nijianike mwenyewe. Ninayosema ni kweli yote, na kuna mahali natamani ingekuwa uongo.

Mimi ni karani wa stoo ya mahindi hapa Kitale. Niko kwa payslip, kwa hivyo bima ya serikali hukatwa kila mwezi nitake nisitake. Kadi niliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa na picha yangu peke yangu. Bibi na watoto walikuwa majina tu.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mkulima huko Mabanga.

Mnakumbuka ule mswada wa matibabu kwa wote, ulivyopigiwa kelele kwa redio halafu ukakwama? Basi baadaye kidogo maafisa wa bima walikuja kanisani kwao kuwaeleza wasio na mwajiri kwamba wanaweza kujilipia. Mama alikuwa ametoka kuuza mahindi. Alitaka kulipa ya mwaka mzima mara moja, kwa sababu mkulima hana mwisho wa mwezi, ana mavuno.

Akaomba ushauri wangu kupitia kwa bibi yangu, Rose. Kwa wasiojua, kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe hawapeani mkono wala hawakai chumba kimoja. Maneno hupitia kwa binti.

Nilijibu kama profesa. "Mwambie asitupe pesa. Yeye ni mzima, ati alipie wagonjwa wa wenyewe? Akiugua, si kadi yangu iko?"

Kadi yangu haikumhusu mama mkwe, na nilijua hivyo. Nilitaka tu kuonekana mkwe mwenye uwezo.

Aliniamini. Pesa ile akanunua mbolea.

Mwaka haukuisha. Tumbo likamvimba, akaanza kutokwa na damu. Tukampeleka hospitali moja Bungoma, sitaitaja. Daktari akasema kuna uvimbe, lazima apasuliwe. Wakataka deposit au kadi ya bima.

Deposit sikuwa nayo. Nikamvuta Rose kando, nikamwambia tumwandikishe kwa jina lake yeye.

"Baba Kevin, unataka mamangu akuwe bibi yako?"

"Ni karatasi tu, Rose. Nani atajua?"

Alilia, lakini uchungu wa mamake ulimshinda. Mama alikuwa amedungwa sindano, hajui lolote. Karani wa admission alimwangalia mgonjwa, akaniangalia mimi, akaandika.

Asubuhi yake nilikuwa nimesimama nje ya wadi, mahali mkwe anafaa kusimama. Ndani kulikuwa na akina mama wa kanisa lao wameleta uji. Mara nesi akatokea na faili.

"Bwana ya Rose ni nani? Kuja u-sign, bibi anaenda theatre!"

Wale akina mama walimjua Rose. Rose alikuwa amekaa pale pale katikati yao.

Niliingia. Nesi wa watu, hana habari, akazidi kunimaliza. "Si usongee, bana. Shika bibi yako mkono, anaogopa."

Mama alifungua macho. Aliniona karibu naye hivyo kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake. Akavuta leso akajifunika uso. Kisha akasema kwa Kibukusu aletewe viatu vyake.

Tulimsihi sana, hata wachungaji wa kanisa lao wakaja kumsihi. Alikataa katakata. Aliondoka bila kupasuliwa.

Sasa sikieni aibu yenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kurekebisha. Ningeenda kwa wenye hospitali niseme nilidanganya, jina libadilishwe, tufanye mchango tulipe cash. Rose aliniomba hivyo mara mbili. Niliogopa kushtakiwa, niliogopa kazi yangu. Nikasema tungoje kidogo.

Mama alifariki nyumbani, tukiwa kwa palizi.

Siku chache kabla, alimtuma Rose kwangu. "Mwambie sina kinyongo. Lakini siku ya kunizika asimame na wakwe wengine, kule mbali, watu waone mimi sikuwa bibi yake."

Nilisimama kule mbali. Waombolezaji wa Mabanga walikuwa wakigeuka kuniangalia.

Nilichojifunza ni hiki. Bima ni watu wengi kuchanga wakiwa wazima ili mmoja akianguka abebwe. Mimi, mwenye kukatwa kwa nguvu, nilimzuia mtu aliyetaka kuchanga kwa hiari yake, halafu nikataka abebwe kwa ujanja. Na nyinyi mnaoandika sera, mtu wa shamba mtafutieni njia ya kulipa akivuna. Mama yule alikuwa tayari. Kilichomzuia ni mdomo wangu.

Mnaotaka kunitukana, uwanja ni wenu, sitajibu. Ila wenye wakwe mnisaidie na jambo moja: unamwombaje msamaha mtu ambaye hata akiwa hai hukuruhusiwa kumkaribia?